Taa Isiyo na Joto

Kwenye karakana ya suti walimwita Unga. Hakuna aliyekaa chini akalifikiria jina hilo. Lilimwangukia lenyewe siku fundi wa suruali alipokung'uta koti jeusi lililotoka mezani kwa mwanamke huyu, weupe ukatimka hewani, na fundi akauliza kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni, "Jamani, hapa tunashona au tunapika?" Watu walicheka hadi mashine zikasimama. Toka hapo hata aliyeajiriwa jana alimwita Unga, tena bila kinyongo, kama vile jina hilo alipewa na bibi yake.

Ilikuwa soriasisi. Ngozi yake ilikuwa na haraka isiyo na maana: inaota upya kabla ya ile ya zamani kuondoka, inarundikana, inageuka mabaka mekundu yenye magamba meupe juu yake, kwenye viwiko, magoti, kiunoni, migongo ya mikono. Inawasha, inapasuka, inatoa damu kidogo, inaanza tena. Haiambukizi. Hilo la mwisho daktari alilisema mara mbili mbele ya mume wake, na mume akalifikisha nyumbani kwa mama yake salama salimini kama alivyolipokea.

"Daktari hali hapa," mama mkwe akajibu, na mjadala ukafungwa.

Kabla ya hapo Unga ndiye aliyekuwa mpimaji wa karakana. Mahali pale wanashona suti nyeusi tu, za maharusi, za mawakili, za wahudumu wa hoteli kubwa na za wanaokwenda kuzika, na suti nyeusi haina maua ya kufichia makosa. Unga alikuwa na mkono. Alimgusa mteja begani mara moja akajua bega la kushoto limeshuka, akajua mfuko wa kulia huwa unabeba funguo, akajua tumbo limevutwa ndani kwa heshima ya utepe na litarudi mahali pake utepe ukishaondoka. Wateja walikuwa wakimuulizia yeye kabla ya kuuliza bei. Mpaka siku moja mwanamume mmoja mwenye saa kubwa aliinamisha macho, akauona mgongo wa mkono ule juu ya kifua chake, akaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Hakumwambia Unga neno. Alimtazama bosi.

Bosi alikuwa na sauti laini, ya mtu asiyewahi kumfokea mtu maishani mwake. "Si mimi, dada," alisema huku akiuvua utepe wa kupimia shingoni mwa Unga kwa ncha za vidole. "Ni wateja. Siku ukipona, utepe wako huu hapa." Kisha akamvalisha fundi wa suruali, ambaye hata nyonga hajui inaanzia wapi, na Unga akahamishiwa nyuma ya pazia kushona matundu ya vifungo. Akakabidhiwa na burashi, afute alichodondosha kabla kazi haijatoka nje. "Angalia tu usije ukamwaga unga," wenzake walimtania kila asubuhi, na mzaha huo haukuchakaa, maana watu wanaoogopa kufukuzwa kazi huchekea sana mzaha wa kufukuzwa kazi.

Msidhani alililia uzuri. Uzuri alikuwa ameshaupa kisogo. Alichokuwa akikililia ni utepe ule, kipande cha plastiki ya njano kilichofutika namba mwishoni. Nyuma ya pazia, akisikia fundi wa suruali akimpima mteja na kutaja kipimo cha bega, alijua kwa sauti tu kwamba ni uongo, na alikuwa akiung'ata ulimi mpaka unauma.

Nyumbani walikaa kwa mama mkwe, nyumba ya korido moja ndefu yenye vyumba huku na huku na stoo mwishoni. Mume wake alikuwa fundi majokofu, mtu mwema wa aina ile isiyomfaa mtu: anaona, anasikitika, anarudi kwenye jokofu lake. Alirithi kila kitu kwa mama yake isipokuwa ulimi.

Wiki ile mabaka yalipofika kwenye mikono ya Unga, mama mkwe aliketi sebuleni na kikombe kimoja cha seti ya maua ya buluu, akakigonga ukingo kwa mgongo wa kisu mpaka kipande kikaruka. Alikikagua kwa kidole kuhakikisha pengo linashikika. "Hiki chako," akamwambia mkwewe. "Si kwa ubaya. Ni ili mtu asikosee hata umeme ukikatika." Sahani nayo ikapata pengo lake. Kigoda kikatengwa, beseni likatengwa. Na kwa kuwa siku hiyo alikuwa na hamu ya kusema, akaongeza, "Na mambo ya mtoto mngoje kwanza. Msije mkanizalia samaki."

Mume alicheka kidogo. Hakucheka kwa ubaya; hakujua tu afanye nini na uso wake. Unga aliyasahau maneno mengi ya mama mkwe, lakini kicheko kile hakukisahau.

Taa ya kutibu ngozi kwa mwanga waliipata kliniki. Zilikuwa chache, za kuazimwa, na watu wa kuzisubiri walikuwa wengi. Unga alingoja mpaka akakata tamaa, na alipokwisha kukata tamaa wakampigia simu. Muuguzi wa ngozi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimsimamisha mbele ya mtambo mrefu kama mlango, uliojaa mirija ya kioo, akamweleza kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto mchanga.

"Vaa miwani hii ya kinga kila mara, hata kama ni sekunde moja. Uso funika. Anza na muda mdogo kabisa, ongeza kidogo kidogo kama nitakavyokwambia. Na sikiliza hapa, mama, hapa ndipo watu wanapoharibu. Taa hii haina joto. Ina feni, utasikia hata kaubaridi. Utakaa mbele yake uone kama haifanyi kitu, utatamani uongeze. Usiongeze. Ngozi inaungua kimyakimya, habari unazipata jioni. Usipime kwa joto. Pima kwa saa."

"Nimeelewa."

"Na mtu mwingine asiiguse. Vidonge vya presha tu vinatosha kuifanya ngozi ya mtu iwake mbele yake kama karatasi. Nikisikia mwingine ameitumia, naichukua siku hiyo hiyo. Wako wanaoilia."

Basi Unga akaisafisha stoo, akaiondoa milango ya majokofu mabovu, akaiegemeza taa ukutani. Kufuli akatia, na ufunguo akauweka juu ya kizingiti cha mlango. Kila alipotoka kazini aliingia mle, akavua nguo, akajifunika uso kwa foronya, akavaa miwani, akawasha. Chumba kikawa cha zambarau. Feni ikavuma mvumo wake mwembamba wa nyuki aliyefungiwa chupani. Akasimama mikono imeinuliwa kidogo kama mtu anayepimwa koti, na alipokuwa amesimama hivyo alifikiria utepe. Kengele ya saa ikilia, anazima. Hakuongeza hata sekunde aliyokatazwa, maana mtu aliyezoea kupima nguo za watu anajua nusu ya inchi inafanya nini.

Ikafanya kazi. Haikuwa miujiza; magamba yalipungua kwanza, halafu wekundu ukafifia, halafu asubuhi moja akapitisha kiganja juu ya kiwiko akakuta ngozi, ngozi tu, kama ya watu. Aliketi kitandani akalia kwa furaha. Mume akamwona, akafurahi naye, akatoka kwenda kutengeneza jokofu.

Mama mkwe alikuwa na magoti. Magoti yale yalikuwa na historia na mashahidi, na kila mgeni alitambulishwa kwayo. Miaka ya nyuma aliwahi kupelekwa hospitali akawekewa taa nyekundu ya kupasha joto, akarudi akitembea kama msichana, na tangu siku hiyo kwake taa ya hospitali ni moja. Alipouona mtambo ule ukiingizwa stoo alimuuliza mwanawe ni wa nini.

"Taa ya hospitali, mama. Ya ngozi."

"Taa ni taa," mama mkwe akasema. Na alipoona kufuli, akapata jibu la yaliyobaki: mkwe ananyima.

Unga aligundua kwa pua kwanza. Aliingia stoo siku moja akakutana na harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya misuli, inayotangulia mbele ya mama mkwe koridoni. Halafu akaona gazeti. Lilikuwa limetandikwa chini mbele ya taa, na juu yake alama nne za miguu ya kiti. Akaelewa yote mara moja, na yote yalimchekesha na kumuumiza. Bibi huyu alikuja kuiba mwanga wake, lakini hakutaka kukanyaga sakafu yake. Alibeba kiti chake mwenyewe kutoka sebuleni, akatandika gazeti ili magamba yasimguse, akainua gauni juu ya magoti na kujianika. Na miwani ya kinga ilikuwa msumarini vilevile, imeelekea ukutani vilevile kama Unga alivyoiacha. Asingeivaa. Ilikuwa imegusa uso wa mkwewe.

Alikusudia kusema. Tumpe haki yake, alikusudia. Aliona vizuri kwamba bibi anakaa muda mfupi tu, anachoka kungoja joto lisilokuja, anaondoka. Ngozi bado haijapata kitu. Aliamua atamweleza mumewe, na mumewe amweleze mama yake, na ufunguo autie kwenye pochi. Ila kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili wifi yake alikuwa akija na mtoto mchanga, akasema ngoja wageni waondoke.

Wifi alikuja. Mtoto alikuwa mnono, wa kucheka na kila mtu, na alipomwona Unga amevaa mikono mifupi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akamnyooshea vidole. Unga naye akanyoosha mikono. Ilikuwa mikono mizuri siku hiyo. Aliipaka mafuta asubuhi, na mahali palipokuwa na mabaka pamebaki kivuli tu.

"Weka chini mikono hiyo," mama mkwe akasema kutoka kwenye kiti chake. Hakupaza sauti. "Mtoto hajakosa wa kumbeba."

"Mama, jamani," wifi akasema, "si unaona anaendelea vizuri?"

"Amepaka rangi tu. Unyevu uko ukutani pale pale. Mlete hapa mjukuu wangu."

Wifi akamtazama Unga kwa huruma, akampeleka mtoto kwa bibi yake. Mume alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi. Aliona, akasikitika. Unga aliirudisha mikono yake mapajani, na mtoto, ambaye hakuwa na habari na lolote, akaendelea kumcheka akiwa kwenye magoti yale maarufu.

Jioni, wageni walipoondoka, Unga alikuwa jikoni anaosha vyombo. Anaosha vyao kwanza, halafu vyake, katika maji mengine. Ndiyo ilikuwa sheria. Alikuwa ameshika kikombe chake chenye pengo mama mkwe alipoingia akijisugua goti, akachungulia sufuria zisizo na kitu, akafungua kabati na kulifunga.

"Hivi," akasema, "hiyo taa yako. Mtu anakaa muda gani mpaka imsaidie?"

"Kwa nini, mama?"

"Nauliza tu. Mtu haulizi nyumbani kwake?"

Unga alikizungusha kikombe ndani ya maji. Sauti ya muuguzi ilikuwa wazi masikioni mwake, neno kwa neno. Hakuna aliyemsukuma, hakughafilika, wala ulimi haukuteleza. Alikuwa na nafasi ya kutosha ya kufikiri, akafikiri, na akageuka akamtazama mama mkwe usoni kwa adabu zote.

"Mpaka asikie joto, mama," akasema. "Kama hujasikia joto, bado."

"Ahaa," mama mkwe akasema. "Ndiyo maana."

Asubuhi Unga alipita mbele ya stoo akienda kazini. Alipapasa juu ya kizingiti, akauchukua ufunguo, akaushika kiganjani mpaka ukapata uvuguvugu. Kisha akaurudisha pale pale, akafunga mlango wa nje nyuma yake.

Na siku hiyo hiyo, kama vile dunia ilikuwa imepanga kumfanyia inda, bosi alimwita dirishani. Alimshika mkono mmoja, akaugeuza kwenye mwanga kama anavyokagua kitambaa kilicholetwa na wauzaji asiowaamini, akaugeuza tena, akashika wa pili. Akaguna. Kisha akaenda kwa fundi wa suruali, akamvua utepe, akaja akamvalisha Unga shingoni. "Nilisema au sikusema?" akawauliza watu wote. "Mimi ahadi yangu ni ahadi. Haya, kuna bwana harusi anasubiri."

Bwana harusi alikuwa na bega la kulia lililoshuka. Unga aliligusa mara moja akajua, na furaha iliyompanda ilikuwa kubwa mpaka akaogopa mteja ataiona. Mkono ulikumbuka kila kitu. Shingo, bega, kifua, kiuno, akitaja, na fundi wa suruali akiandika kwa uso uliovimba. Hakuna aliyemwita Unga asubuhi hiyo. Walimwita fundi.

Adhuhuri aliingia nyuma ya pazia na simu. Alijiambia atasema sasa, neno moja tu, mama toka humo, na yote yataisha hapo. Simu ikaita sana kabla haijapokelewa.

"Haloo? Nani?"

Nyuma ya sauti ya mama mkwe, mwembamba na wa karibu kabisa, Unga aliusikia mvumo wa feni.

"Mimi, mama."

"Unataka nini? Nina shughuli."

Utepe ulikuwa shingoni mwake. Aliushika kwa mkono wa kushoto. Alimkumbuka mtoto akicheka juu ya magoti, akakumbuka na kicheko kingine, cha zamani, cha mume wake.

"Nilikuwa nauliza kama ninunue sabuni."

"Sasa hilo nalo la kupigia simu? Nunua."

Mvumo ukakatika pamoja na simu. Unga alirudi mbele, akampima mteja mwingine, na vipimo vyote vilikuwa sahihi.

Jioni mama mkwe alikuwa sebuleni amefumba macho. Alisema yana mchanga. Alisema ni vumbi la barabarani, na kwamba amekwisha kuyaosha kwa maji ya chai iliyolala, na alikuwa akiyasugua kwa upindo wa gauni ambao ulikuwa umefuta meza na pua ya mjukuu. Miguu ilikuwa imewiva. "Jua la leo lilikuwa baya," akasema. Siku nzima kulikuwa na mawingu, na mwanawe alijua, lakini alileta beseni la maji baridi bila kubisha. Asubuhi magoti yalikuwa na malengelenge makubwa, uso umevimba, na kope hazifunguki. Mama mkwe, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akilia, alilia. Unga alimsikia akiwa chumbani kwake, akajifunika kichwa kwa mto.

Mume alimbeba mama yake mgongoni mpaka kliniki, na Unga akafuata na mkoba. Muuguzi wa ngozi aliitwa. Akaivaa miwani yake, akainama juu ya miguu, akafuata kwa kidole, bila kugusa, mahali wekundu ulipoishia juu ya goti, mstari mnyoofu wa upindo wa gauni, nyama mbichi huku na ngozi nzima huku.

"Jua," mama mkwe akasema kabla hajaulizwa.

"Jua halichomi kwa rula, bibi," muuguzi akajibu. "Ulikaa mbele ya taa."

Unga alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alijua kwamba sentensi moja tu kutoka kwenye midomo ile iliyovimba ingemmaliza. Lakini mama mkwe angelazimika kusema kwanza kwamba aliingia stoo kwa siri, kwamba alichukua ufunguo, kwamba alikitaka kitu cha mtu yule, na hilo hakuliweza mbele ya mwanawe.

"Nilikuwa nafuta vumbi," akasema.

Muuguzi alimtoa Unga nje koridoni. "Ulijua?"

"Hapana."

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Juu ya mlango."

Muuguzi akaishusha miwani kifuani. "Nyumba ina mwenye magoti, na wewe unaweka ufunguo juu ya mlango. Jicho moja limeingia vidudu kwa kusuguliwa, sijui kama litarudi lilivyokuwa. Taa nakuja kuichukua leo."

"Naomba, mama. Nimerudishiwa kazi jana tu."

"Leo," muuguzi akasema. "Mabaka yatarudi, nakwambia mapema usije ukashtuka. Yakirudi, njoo upange foleni hapa na wenzako, asubuhi, kila zamu."

Asubuhi ndiyo saa ya wateja. Wote wawili walilijua hilo, na muuguzi alikuwa amekwisha kugeuka.

Yakarudi. Kiwiko kwanza, doa dogo kama alama ya kalamu. Unga alivaa mikono mirefu. Alipaka mafuta, akajifanya hajaona, akapima mabwana harusi na mawakili huku akihesabu moyoni siku alizobakiwa nazo. Halafu likatoka moja juu ya kifundo cha mkono, mahali ambapo hakuna shati linalofika mtu akinyoosha utepe. Bosi aliliona akiwa mbali. Alikuja taratibu, akauvua utepe kwa ncha za vidole.

"Si mimi, dada," akasema.

Burashi ilikuwa bado pale nyuma ya pazia, kwenye msumari wake. Kesho yake fundi wa suruali alimkaribisha. "Unga! Tulikukumbuka," akasema, na watu wakacheka, si sana.

Bosi akampa ruhusa ya siku mbili, maana hakutaka kumwona kwanza. Ikatokea kwamba siku hizo hizo mtoto wa wifi aliugua, na wifi, ambaye ndiye aliyekuwa akija kila siku kumwosha na kumlisha mama yake, hakuja. Mume aliondoka alfajiri kwenda kwenye majokofu ya bucha lililoharibikiwa. Hakumwomba Unga chochote. Alimtazama tu, akasikitika, akatoka.

Mama mkwe alikuwa kitandani, macho yote mawili chini ya bandeji, miguu imeinuliwa juu ya mito na kufungwa mpaka mapajani. Alisikia mlango.

"Mwanangu? Umechelewa leo. Mtoto hajambo?"

Unga hakujibu. Aliloweka kitambaa, akakikamua, akamfuta uso taratibu, pembeni ya bandeji, nyuma ya masikio, shingoni. Alikuwa na mkono, nimekwisha kusema. Hakumgusa mahali panapouma hata mara moja. Mama mkwe alishusha pumzi, mwili wake ukalegea.

"Asante, mwanangu. Wewe ndiye uliyebaki. Kaka yako si mtu, ni kabati." Kisha akapapasa akaushika mkono wa Unga, kwenye kiganja, ambako ngozi ilikuwa bado laini, akausogeza kifuani pake. "Nikuulize kitu, na usimwambie mtu. Yule aliniambia nikae mpaka nisikie joto. Nikakaa. Nikangoja. Nilikuwa nasikia baridi tu, nikajua bado. Hata akanipigia simu nikiwa mle ndani. Kila siku nafikiria hilo hapa gizani. Unadhani alijua?"

Unga alisimama pale, mkono wake umeshikwa. Angeweza kulia, na karibu alie, kwa ajili ya bibi huyu na kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyewahi kumshika mkono muda mrefu hivyo. Lakini mkono haukuwa umeshikwa kwa ajili yake.

Akauvuta polepole. Juu ya kimeza kulikuwa na chai aliyoipika tangu alfajiri, ndani ya kikombe cha maua ya buluu. Akamwinua mama mkwe kwa bega, akamwegemeza, akakipeleka kikombe mdomoni mwake.

Mdomo ukagusa ukingo, ukakuta pengo. Mama mkwe akatulia. Alipitisha mdomo wa chini kwenye pengo lile, huku na huku, kama alivyolipima kwa kidole siku ile aliyoligonga kwa kisu, na Unga akaona rangi ikimtoka mashavuni.

"Ni hicho hicho, mama," Unga akasema. "Kunywa. Kunywa mpaka usikie joto."

Chai ilikuwa imepoa zamani. Mama mkwe alikaa kidogo na kikombe mdomoni, kisha akanywa, maana kiu ilikuwa kali na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.